Nilimnyima Makame Unyapara kwa Ukimya Wake

Kosa ni langu. Ningeomba lisienee sana, lakini nimeshaliandikia gazeti, basi tena.

Nilikuwa mfanyakazi kwenye sakafu ya kuanikia karafuu, Bumbwini. Mnyapara wetu alipohamia mjini, tajiri aliniita mimi, mkongwe wa pale, akaniuliza kama Makame anafaa kushika nafasi ile. Makame, mtu wa Tumbatu, alikuwa na maneno matatu kwa siku, na mawili ni salamu. Lakini watu wakigombana walimwendea yeye. Aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha wote wakarudi kazini. Hilo nililijua, nikalimeza.

Nilimwambia tajiri kuwa Makame ni mwema, ila mnyapara asiyesikika ni kama adhana ya kunong'ona. Tajiri akacheka, unyapara nikapewa mimi. Mola anisamehe!

Nikaanza kazi kwa sauti. Nilifoka asubuhi, nikafoka adhuhuri, na alasiri nikarudia ya asubuhi. Siku moja Bi Mwanakheri, aliyeanza kuanika karafuu mimi sijaoa, aliniambia za upande wa ukutani bado mbichi. Nikamkaripia mbele ya wenzake kwamba mnyapara hafundishwi kazi. Tangu hapo kila nikiuliza kama zimekauka, wote walijibu kwa adabu kwamba zimekauka. Utiifu ule ulinifurahisha sana.

Wingu la vuli lilipotanda, nikaamuru zitiwe magunia upesi. Makame akaja akasimama kando yangu. Nilikuwa nikimweleza mtu jambo. Akaondoka, akarudi mara mbili, nami nilikuwa bado naeleza.

Magunia yalikaa siku nne, karafuu, kumbe bado mbichi, zikipata joto ndani. Yalipofunguliwa mbele ya mkaguzi bandarini, zilikuwa zimepauka na kunyauka, ndizo tuitazo mpeta. Jasho la watu ishirini! Niliona haya mpaka nikaacha kupita njia ya sokoni. Tajiri hakupaza sauti. Alinivua unyapara, akampa Makame.

Nilimfuata Makame nikamlaumu, kwa nini hakuniambia.

"Nlikuja mara tatu," alisema. "Kila nkija, unasema."

Mke wangu aliposikia alisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Sikuwa nimemwomba maoni.

Siku ya kwanza ya unyapara wake, Makame alimwuliza Bi Mwanakheri zipi zimekauka. Bibi yule alizungumza kitambo kirefu, na sote tukajifunza. Kisha Makame akanigeukia.

"Na wewe, waonaje?"

Mimi, ambaye sijapata kukosa maneno, nilijibu kwa matatu tu: "Bibi ameshasema yote."

Enyi wenye sauti kama yangu, mkiulizwa habari za mwenzenu mkimya, semeni mnachokijua. Mimi nilikificha, na sasa namwamkia bwana mkubwa kila asubuhi. Ubaya wake ni kwamba ni bwana mzuri.