Pakiti ya Namba Tisa

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeswaga ng'ombe kwa miguu hadi minada ya mbali, nimenunua lori bovu nikalitembeza miaka kumi na moja, nimeibiwa na shemeji yangu mwenyewe nikamkaribisha chakula siku ileile. Mashine zangu za kukoboa mpunga hapa Bariadi nimezifunga kwa elimu ya darasa la tano, na wenye digrii wananipigia simu kuomba kazi. Kwa hiyo ukiwa na habari yako, lete. Mimi sitashtuka.

Lakini mwaka jana, jioni moja, mlinzi wangu alipiga risasi hewani kufukuza vibaka waliokuwa wanachungulia ghala. Nilipotoka vibaka walishapotea, imebaki harufu ya baruti tu, ile harufu kavu inayokaa nyuma ya koo kama umelamba kichwa cha kiberiti. Nikasimama pale mlangoni na kanzu yangu, mtu mzima, mwenye watu kumi na wanne ninaowalipa mshahara, nikajikuta nina miaka kumi na miwili na ninataka kulia. Nilikasirika sana. Mlinzi akadhani nimemkasirikia yeye.

Ngoja nikueleze.

Kwetu ni Ngulyati. Baba yangu, Mzee Sita, alikuwa na bunduki ya midomo miwili yenye leseni, na kwa upande wetu ule ndiyo ilikuwa bunduki pekee ya halali. Mtutu wa kulia ulikuwa unatawanya marisau, zile punje zinazojazwa ndani ya risasi, wa kushoto unayakusanya. Baba alikuwa akisema wa kulia ni wa kusalimia na wa kushoto ni wa kuaga. Fisi akizoea zizi la mtu, baba ndiye aliyeitwa, na sijawahi kusikia akiitwa mara mbili kwa fisi mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa, hajui ladha ya pombe, na hajui kusoma. Hayo mawili ya mwisho yaweke akilini.

Miaka ya shida, wakati sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, risasi utazipata wapi? Baba alitunza maganda matupu kama watu wanavyotunza chupa za mafuta. Yakifika matano au sita anayafunga kwenye kitambaa, anapanda baiskeli hadi Mwamapalala kwa mzee mmoja anaitwa Gamaya, fundi wa kujaza risasi upya. Mara nyingi nilikaa nyuma ya ile baiskeli. Gamaya alikuwa mfupi, vidole vyeusi, na hakuwahi kumuuliza mtu anataka ngapi. Aliuliza swali moja tu.

"Nani anakwenda kufa?"

Ukisema kanga, anafungua kopo la marisau madogo kama uwele. Ukisema fisi, anafungua kopo jingine, humo yamo kama kunde. Akimaliza anafunika kwa duara la karatasi ngumu na kuweka alama ya mkaa: mstari kwa kanga, mviringo kwa fisi. Zilikuwa risasi mbaya kuangalia, zimepinda, zina masizi. Mimi nilizionea aibu. Nilikuwa mtoto wa shule, nilipenda vitu vyenye maandishi.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa mnadani, sabuni zikawa za kuchagua kwa harufu, vijana wakavaa viatu visivyofanana na mvua yetu. Siku moja dereva wa lori la pamba akaleta habari kwamba Mwanza kuna duka lenye risasi mpya, za pakiti, rangi nyekundu. Sikumpa baba usingizi. Kila jioni ni risasi za pakiti, risasi za pakiti. Mwishowe akaenda polisi akapata kibali chake cha mwaka, kimeandikwa risasi ishirini na tano, pakiti moja basi, tukapanda lori juu ya marobota ya pamba.

Ndani ya lile duka kulikuwa na ubaridi na harufu ya mafuta ya bunduki. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani, mpole, ila wateja walikuwa wamemzidi. Akasoma kibali, akauliza, "Namba ngapi, mzee?"

Baba hakujua kwamba risasi zina namba. Nilimwona anavyoshika kofia yake. Halafu akasema kwa sauti ya duka zima kusikia, "Kijana wangu anasoma. Atachagua yeye. Nataka kubwa kabisa."

Sijawahi kuwa mrefu kama siku ile, na leo nina gari la kupandia ngazi. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti za namba nne, za namba sita, za namba tisa. Pembeni kulikuwa na pakiti moja haina namba kabisa, ina herufi tupu, S, S, G. Nikaiona hiyo kama mtoto aliyetoka shule bila maksi. Darasa la tano zima hakuna aliyenishinda hesabu. Tisa ni kubwa kuliko sita, na sita ni kubwa kuliko nne. Kuna nini cha kuuliza?

"Namba tisa," nikasema.

"Tisa? Una hakika, kijana?"

"Tumesema tisa."

Tumesema! Mtoto wa kuchunga ndama, anamjibu mtu aliyeuza risasi tangu ujana wake. Yule mzee akamtazama baba, baba akatabasamu na kunishika bega, na nyuma yetu mtu akakohoa kwa haraka zake. Pakiti ikafungwa kwa gazeti.

Turudi nyumbani basi, si ndiyo? Hapana. Nikamsumbua baba tupitie Mwamapalala. Nilitaka Gamaya aone. Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba yake anakula michembe, viazi vitamu vya kukausha. Hata salamu haijakamilika nikamwekea risasi moja mkononi, nyekundu, kitako cha shaba kinang'aa. Akaigeuza. Akaitikisa karibu na sikio, mara mbili, amefumba macho.

"Mzee Sita," akamwambia baba, "huyu ndani anasema kama uwele. Ngoja nimpasue mmoja tuone."

"Guku," nikamwambia, na kwetu guku ni babu, neno la heshima, ila mimi siku ile nililisema vingine kabisa, "hizi ni za dukani. Hazina mkaa."

Baba alipaswa kunipiga kofi. Hadi leo ninalisubiri lile kofi. Badala yake akacheka, akasema, "Muache, ndiyo watoto wa siku hizi, wamesoma." Gamaya akanirudishia risasi yangu, akarudi kwenye michembe yake. Na baba hakupiga hata moja kujaribu, maana ishirini na tano ni za mwaka mzima, utachezeaje?

Wiki ya tatu, asubuhi jua limeshapanda, ukapigwa mwano, ule ukelele wetu wa hatari ambao ukiusikia unaacha hata ugali mdomoni. Fisi aliyemaliza ndama watatu wa jirani yetu Shija alikuwa ameonekana amejilaza katikati ya shamba la pamba. Wanaume wakamzunguka na mikuki na marungu, sungusungu wanapuliza filimbi, vumbi, mbwa, kelele. Baba akafika. Watu wakampisha njia kama bwana harusi. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba pakiti, nimeibeba juu juu ili ionekane.

Fisi akainuka. Hatua ishirini, zikizidi ni kwa moja. Baba akapiga wa kulia. Fisi akajikung'uta kama mbwa aliyemwagiwa maji. Akapiga wa kushoto. Fisi akapiga kelele, akageuka, akapita katikati ya watu mbio, na njiani akamng'ata Shija mkono. Vidole viwili vilikwenda. Kisha akaingia korongoni na hakuonekana tena siku ile.

Harufu ya baruti imetanda juu ya pamba nyeupe, na watu wote wanamtazama baba, baba anautazama mtutu.

Jua lilipofika utosini maneno yalishaanza. Mzee Sita hakosi, na hatua ishirini hakosi mtu yeyote. Basi yule si fisi wa porini, ni fisi wa mtu, wa kufugwa kichawi. Na mtu mwenyewe ni nani? Kulikuwa na bibi mmoja mjane, Bibi Kabula, anaishi peke yake karibu na lile korongo, macho mekundu. Macho mekundu, ndugu yangu, kwa sababu alipikia vinyesi vya ng'ombe na mabua ya pamba maisha yake yote, kuni hakuna! Lakini wewe waambie watu wenye mikuki habari ya moshi.

Mchana ule nilimkuta baba nyuma ya nyumba. Ameichana risasi moja kwa kisu na kumwaga yaliyomo kiganjani. Punje za kijivu, ndogo, nyingi, za kuulia kwale. Alizitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe," akasema. Basi, hilo tu. Akachimba kashimo kwa kidole akazifukia.

Saa kumi likakaa baraza la sungusungu. Ntemi wao, ndiye mkuu wa sungusungu, mwanaume mwenye sauti, akasimama. "Mzee Sita, risasi mbili, hatua ishirini, na mnyama anatembea. Tuambie wewe uliyemwona usoni. Ni fisi wa porini au wa mtu?"

Watu wakageuza shingo upande aliokaa Bibi Kabula. Alikuwa amejifunika kanga hadi kichwani, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Wa porini," baba akasema. "Nilikosa mimi. Nilikuwa nimekunywa."

"Wewe? Umekunywa?"

"Gongo. Tangu alfajiri."

Vikapasuka vicheko. Mmoja akapiga kelele, "Mzee wa kanisa, na sisi utukaribishe Jumapili!" Mwingine, "Kumbe aliona fisi wawili, akampiga wa katikati!" Baba amesimama, kofia mkononi. Nami niko pale kwenye watoto wenzangu. Neno moja tu lilitakiwa. Sikulisema. Nilijiambia kwamba yule mwenye duka ametuuzia pakiti yenye kasoro, na niliendelea kujiambia hivyo miaka mingi, kwa bidii.

Wakampiga mchenya, ile faini ya baraza: mtamba mmoja, ambaye alikuwa ndio kwanza ana mimba. Kanisani wakamvua uzee. Na kuanzia hapo hakuitwa tena kwa fisi wa mtu yeyote. Bibi Kabula alikufa kwa uzee, kitandani kwake.

Baba hakunigombeza hata siku moja. Ila ilipokuja barua kutoka kwa shangazi, aliichukua akaenda nayo kwa Shija, kwa binti yake wa darasa la tatu, akasomewe. Mimi nimekaa mlangoni, ninamwona anavyopita na barua mfukoni. Mwaka ule ule nikaacha shule. Nikisimulia huwa nasema biashara iliniita. Biashara haikuniita.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nina pesa zangu, nilipoenda kujinunulia bunduki yangu mwenyewe. Muuzaji, kijana mdogo, akamwaga marisau juu ya kioo mstari mmoja baada ya mwingine kunionesha. Namba nne, makubwa kiasi. Namba sita, madogo. Namba tisa, vumbi. "Namba ikipanda risau linashuka, bosi," akasema. "Kwa fisi unataka hizi za herufi." Nikamwambia najua. Nikatoka nje nikakaa kwenye gari, sikuwasha.

Ndipo nilipoelewa. Baba angeweza kuzibeba zile punje hadi barazani na kuzimwaga mbele ya ntemi. Bibi angepona vilevile, na baba angebaki na heshima yake. Ila wangeuliza nani alichagua. Njia nzima ya kwenda na kurudi Mwanza alikuwa amewatangazia watu kwamba ana mtoto anayesoma.

Alipofariki nilisema sasa nitalisafisha jina lake. Siku ya kuondoa matanga nikaomba baraza, wazee waliobaki wakaja, na vijana wenye simu zao. Nikasimama nikaeleza yote, pakiti, namba, Gamaya, zile punje. Nilieleza vizuri, mimi najua kusema mbele za watu. Nikamaliza. Shija, sasa mzee, mkono wake wenye vidole vitatu juu ya fimbo, akatikisa kichwa.

"Masunga," akaniambia, "una mashine, una malori, una nyumba ya ghorofa. Sasa hata aibu ya marehemu unataka iwe yako?"

Watu wakacheka. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Nikapandisha sauti, nikawaita wajinga, na hapo ntemi wa sasa, kijana niliyempa mimi mtaji wa duka, akapiga filimbi. Baba yako alikosa, akasema, mwenyewe alikiri hapa hapa na mchenya akalipa, jambo lile limefungwa. Lako wewe ni jipya: kulitukana baraza na kumfanya marehemu mwongo. Dume moja, mchele gunia, mafuta na chumvi.

Nililipa siku ileile. Walikula hadi jioni, na wakati wanakula niliwasikia wakisimuliana jinsi Mzee Sita alivyolewa akamkosa fisi hatua ishirini. Mimi nikapiga hesabu: dume laki tisa na nusu, mchele laki mbili na nusu, mafuta na chumvi elfu arobaini na tano. Jumla shilingi milioni moja, laki mbili na elfu arobaini na tano.