Jina Nililolitaja Wodini

Hospitali yenyewe siitaji. Si kwamba nawaonea huruma wa wakati ule, ila waliokuja baadaye walifanya kazi vizuri, na hao hawana kosa.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumeteremshwa kutoka milimani, na mwanangu wa miaka miwili akashikwa na malaria kabla nyumba haijaezekwa. Mume wangu alibaki akijenga. Mimi na baba mkwe tulipanda lori hadi Kilosa, kisha basi la Mikumi.

Wodi ilikuwa imejaa. Mwanangu alilazwa kitanda kimoja na mtoto mwingine, na kadi zao zikatungikwa kwenye msumari mmoja. Msumari wa pili ungemuumiza nani? Wanaume hawakuruhusiwa ndani, kwa hiyo mkwe alikaa barazani, chini ya dirisha letu.

Alfajiri muuguzi wa zamu ya usiku alimchoma mwanangu sindano ya klorokwini, akaenda zake. Haikupita saa, akaja wa zamu ya mchana na sindano nyingine. Akavuta kadi ya juu, akamshika mwanangu paja. Kadi ilikuwa ya mwenzake. Nilisoma shule ya misheni, herufi nazijua.

"Dada, kadi hiyo si yake. Huyu ameshachomwa."

"Basi huyu anaitwa nani?"

Mtoto alirithi jina la babu yake, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa hayupo. Nyumbani mwanangu nilimwita "babu" tu. Niliinua mkono kuelekea dirishani, ili mkwe aitwe alitaje mwenyewe.

"Jina la mwanao hulijui, kadi utaijulia wapi?" Wanawake wakacheka. Akamchoma.

Kuuliza si ujinga. Kuuliza bila kungoja jibu ni dharau, na ile dharau nusura inizikie mtoto. Alilegea mikononi mwangu, midomo ikawa ya rangi ya majivu. Mganga alikuja mbio, wakahangaika naye mpaka adhuhuri, pumzi ikarudi. Kisha wakaandika kwenye faili kwamba mama alikataa kutaja jina. Hata pole sikupewa.

Kesho yake muuguzi yule yule aliingia na sinia lake la sindano. Hakunitazama. Akanyoosha mkono kwenye msumari.

Nilisimama kati yake na kitanda, nikalitamka jina la mwanangu mara tatu kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Muuguzi alirudisha kadi ya kwanza, akatafuta ya pili, akaisoma kwa kidole kama mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Siku hiyo mwanangu hakuwa na sindano.

Nilipochungulia dirishani, mkwe alikuwa ameshachukua fimbo yake na kuondoka.

Mtoto alipona. Kila asubuhi, miaka tisa, nilimpigia mkwe magoti nikasema shikamoo, naye akageukia ukutani. Alikufa hajaniitikia marahaba.