Barua ya Kwamba Nilikuwa Mfanyakazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilibadilishwa ukoo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Awendo na begi moja, na kabla sijaonyeshwa jikoni wageni wa kanisa wakaingia. Bosi wangu, mwalimu wa shule ya msingi hapo Suna, akanisimamisha mbele yao na kusema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu." Dada yake sijamwona mpaka leo.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaoanza kazi ya nyumba, mjue ilivyofanywa wakati wetu. Wakati wetu si zamani. Nina miaka thelathini na nimestaafu, na hasira bado ninayo.

Kazi yenyewe niliipenda. Nilikuwa wa kulala ndani, yaani unaishi kwa mwajiri, kwa hivyo siku inaisha wenye nyumba wakiamua. Nilijifunza kufua sare kuanzia kola, kusonga ugali wa watu wanane bila madonge, kujua homa ya mtoto kwa kumshika shingo. Miaka mitatu nilimpeleka kitinda mimba wao nasari, shule ya chekechea, na kumchukua. Mkataba hakuna. Ofu, ile siku ya mapumziko, hakuna. Ukiuliza unaambiwa wewe ni wa nyumbani, sasa unataka kupumzika kutoka kwa nani? Nilipopata mimba, undugu uliisha siku hiyohiyo.

Mwanangu Baraka alipofika mwaka mmoja nilimwachia mamangu, nikaenda Homa Bay kwa Daktari, mgeni aliyekuwa akifanya utafiti wa malaria. Huyu aliniandikia mkataba siku ya kwanza, saa za kazi na Jumapili yangu zikiwa ndani. Baada ya miezi saba akaitwa kwao ng'ambo kwa miaka miwili, akaniomba tuende wote.

Ndipo nikaijua viza ya muda ya mfanyakazi wa nyumbani. Wanataka pasipoti, mkataba uliosainiwa na nyinyi wote wawili, na barua za waajiri kuthibitisha umeifanya kazi hiyo angalau mwaka mmoja. Daktari angeweza kuandika miezi saba tu. Iliyobaki ilikuwa Suna.

Nikaenda. Madam, yule mwalimu, alinipokea kwa chai, akauliza habari za mtoto, akaniandikia barua kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Nikaisoma palepale. Ilisema nilikaa kwake miaka mitatu kama binti, nikisaidia kazi ndogondogo.

"Madam, hapa hakuna neno mfanyakazi."

"Nyathina, mwanangu, wewe hukuwa mfanyakazi. Ulikuwa mtoto wa hapa."

"Watoto wa hapa walikula mezani. Mimi nilikula jikoni."

Akakoroga chai yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba akiandika hivyo mtu wa serikali anaweza kuuliza kwa nini hakunilipia michango ya uzeeni. Hapo alisema kweli. Nikaaga.

Nilirudi kwa njia ya nasari kwa sababu miguu imeizoea. Pale getini lilikuwepo daftari la kuchukua watoto: jina, sahihi, uhusiano na mtoto. Nikasimama. Nilikumbuka siku Madam aliponileta mara ya kwanza. Mwalimu mkuu alitaka kujua nani ataulizwa mtoto akipotea, na Madam akachukua kalamu mwenyewe.

Niliomba madaftari ya zamani. Mwalimu mkuu, mama mzee mwenye subira, akayatoa kabatini na kuyapangusa kwa kanga. Kando ya jina langu, kwa mwandiko ule wa ubaoni: mfanyakazi wa nyumbani. Chini yake sahihi yangu, kila siku ya shule, miaka mitatu.

"Hapa hakutaka ndugu," mama yule akasema, bila kucheka. Akanitolea nakala, akazipiga muhuri.

Kwenye mahojiano ya viza, ubalozini kule Nairobi, mwajiri hukaa nje. Unaingia peke yako. Afisa, mwanamke nyuma ya kioo, aliniuliza saa zangu za kazi na nani atashika pasipoti yangu. Jibu ni wewe mwenyewe, msilisahau hilo. Akapekua zile kurasa moja moja.

"Na mtoto wako utamwachia nani?"

"Mama yangu, na binamu yangu Akoth."

"Kwa hivyo binamu anasaidia tu."

"Hapana. Ni mfanyakazi wangu. Mkataba wake uko hapo chini kabisa."

Aliusoma wote, hata sahihi ya Akoth. Pasipoti akabaki nayo, na ikibaki kwao ujue umepewa viza.

Miaka miwili nilifanya kazi ya watu kwa heshima, nikarudi. Baraka alijificha nyuma ya sketi ya Akoth, akanichungulia kama mgeni wa kanisa. Hapo ndipo nilipostaafu. Sasa nashona sare mjini Migori, na Baraka hunisubiri dukani.

Mwezi uliopita Akoth alipata kazi Kehancha. Hakuniomba barua, nilikuwa nimeshaiandika: alikuwa mfanyakazi wangu, alianza lini, alimaliza lini, alikuwa na ofu gani. Mamangu alisimama nyuma yangu akinung'unika kwamba namwaibisha mtoto wa ndugu yake. Basi chini ya sahihi nikaongeza: pia ni binamu yangu.