Yusta na lori la jeshi lililopanda mlima wa Magara

Saa moja asubuhi, mto ulio chini ya kijiji cha Nambis, wilayani Mbulu, umefurika. Jana jioni ulikuwa kijito cha kuvukwa kwa kuruka mawe. Leo maji ni mekundu, yanabeba vigogo. Ng'ambo wamesimama walimu wawili walioshika viatu mkononi, mama mmoja na gunia lake la vitunguu saumu, na waendesha pikipiki ambao wamekwisha kuzima injini. Hakuna anayerudi nyumbani. Wote wanasikiliza.

Ardhi ndiyo inayotangulia kutetemeka. Kisha juu ya kilima linatokea lori lenye pua ndefu na magurudumu yanayomfikia mtu kifuani, limepakwa rangi ya njano yenye mabaka mabaka. Linashuka taratibu na kuingia mtoni bila kusita. Maji yanapanda hadi kwenye taa, povu linatanuka pande zote mbili, na kwa kitambo kidogo huwezi kusema kinachokwenda ni lori au ni mto. Halafu linaibuka ng'ambo, linachuruzika maji.

Mlango unafunguliwa. Anayeshuka ni mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge juu ya suruali, mabuti ya mpira miguuni.

"Mizigo nyuma, walimu mbele na mimi," anasema. "Na viatu vaeni. Hamtalowa."

Huyu ni Yusta Margwe, mwenye umri wa miaka 41, mkulima na mama wa watoto watatu. Udereva aliurithi kwa baba yake, aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, wilayani Hanang. Kabla ya kuolewa Nambis, naye aliwalimia watu kwa trekta la kukodi.

"Nilizaliwa kwenye kelele za injini," anasema. "Ila lori la jeshi sikuwahi kuliwazia mpaka ile siku ya Jorodom."

Siku hiyo ni ya Desemba 2023, mlima Hanang ulipoporomoka. Yusta alikuwa Katesh, kata ya Jorodom, amekwenda kumsalimia dada yake, Bernadina. Walikuwa wameamka, wakiwasha moto wa chai.

"Nilisikia mngurumo nikadhani ni ndege inaanguka. Bernadina akafungua mlango, akaufunga tena. Akaniambia, 'Yusta, mlima unakuja.' Nilidhani amechanganyikiwa."

Walitokea dirishani na kupanda kwenye ukuta wa nyumba ya jirani iliyokuwa haijaezekwa. Hapo walikaa, wameshikana, huku tope, mawe na miti mizima vikipita chini ya miguu yao. Magari madogo yalijaribu kuwafikia yakazama. Trekta lilijaribu likanasa. Walianza kusali sala ya watu wanaoaga.

Ndipo likaja lori la jeshi.

"Tope lilikuwa limefika kwenye mlango wa lori, na lori bado linakuja," anasema Yusta, na sauti yake inashuka kama ya mtu aliye kanisani. "Halikimbii, halisimami. Linakuja tu. Askari mmoja akanyoosha mikono, akambeba dada yangu kama anabeba mtoto. Sikulia wakati wa tope. Nililia nilipokaa ndani ya lile lori."

Bernadina alipoteza nyumba, na majirani aliokuwa amewasalimia jana yake. Yusta alirudi Nambis akiwa mzima wa mwili, lakini fikra moja ilikuwa imemganda kichwani. Kijijini kwake, kila masika, mto hukata njia. Vitunguu saumu huoza shambani. Wajawazito hubebwa kwa machela hadi ukingoni, na hapo huombewa maji yapungue.

Aliposikia kwamba malori ya jeshi yaliyostaafu yanauzwa kwa mnada Arusha, alimwambia mumewe, Xavery.

"Nilimuuliza, 'Mama Herman, unataka kupigana na nani?'" anakumbuka Xavery akicheka. "Akanijibu, 'Na mto.' Basi nikaenda zizini kuchagua ng'ombe wa kuuza."

Ng'ombe hawakutosha. Akaongeza mavuno ya vitunguu na mkopo wa kikundi cha akina mama, zikafika shilingi milioni kumi na tisa. Akaenda Arusha pamoja na Mzee Sulle, fundi mkongwe aliyekuwa akitengeneza matrekta ya baba yake.

Malori yalikuwa yamepangwa safu kwa safu kwenye uwanja, nyasi zimeota hadi kwenye usukani wa mengine. Wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa chuma chakavu. Wao walitazama uzito. Yusta alipita katikati ya yale madude akiyagusa moja baada ya jingine.

"Niliona haya hata kuongea kwa sauti," anasema. "Nilijiuliza, haya yamebeba watu wangapi? Yamepita wapi? Leo yanakwenda kuyeyushwa yawe nondo."

Mzee Sulle alilala chini ya moja, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na mafuta usoni.

"Mwanangu," alisema, "hili halijafa. Limelala tu."

Walilipata. Walifunga betri mpya, wakabadilisha mafuta na mipira iliyooza. Injini ilikohoa moshi mweusi, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikashika. Watu wa chuma chakavu waligeuka kutazama.

Yalibaki masharti ya mnada: lori lisitoke na rangi ya jeshi. Rangi ya bei nafuu iliyopatikana dukani ilikuwa ya njano. Wakalipaka kwa brashi za kupakia ukuta, na baada ya taratibu za usajili kukamilika wakalipaka mkono wa pili na kuondoka kabla halijakauka. Vumbi la barabarani liliganda humo pamoja na wadudu. Hadi leo ukiangalia karibu na taa ya kulia utaona panzi mzima, miguu yote, amepakwa njano.

Safari ilikwenda vizuri hadi mlima wa Magara, ile njia inayokwea ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mbulu huku Ziwa Manyara likibaki chini kama shuka lililoanikwa. Walikuwa wamekwea nusu walipokuta watu wamesimama barabarani wakipunga mikono.

Mbele yao Fuso lililobeba mahindi lilikuwa limezima kwenye kona na kurudi nyuma. Tairi moja la nyuma lilining'inia hewani juu ya korongo. Breki ya mkono haikushika. Dereva, Festo Akonaay, alikuwa bado ndani, amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Watu waliweka mawe, lakini mawe yalianza kusogea.

"Waliniambia niruke," anasimulia Festo, ambaye siku hizi hupita Nambis kila akija Mbulu. "Nikiinua mguu, gari linaondoka kabla sijafika mlangoni. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu."

Ili kulivuta Fuso, lori la Yusta lilipaswa kwanza kulipita na kusimama mbele yake, upande wa juu wa barabara. Nafasi iliyobaki upande wa mlima haikutosha hata gari dogo.

Mzee Sulle alimshika mkono. "Mwanangu, gari hili bado geni kwetu. Hatujui breki zake zina moyo gani."

"Kweli baba," alijibu Yusta. "Shuka wewe. Mimi nitajua nikifika."

Mzee alishuka, akatoa rozari mfukoni. Yusta akaweka gia nzito kuliko zote na kuyapandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya ukingo wa mlima. Lori likainama. Waliokuwepo wanasema lilikuwa kama mtu anayepita mlango mwembamba kwa ubavu. Kioo cha pembeni kiligusana na cha Fuso, kikavunjika. Udongo ukaporomoka chini ya magurudumu, yakateleza, yakatafuta, yakashika.

Mnyororo ulifungwa. Yusta aliachia klachi kidogo kidogo. Kwanza hakukuwa na lolote ila mngurumo. Halafu Fuso likasogea kiasi cha kiganja, kisha hatua, hadi tairi lililokuwa hewani likagusa barabara. Aliendelea kuvuta hadi sehemu tambarare, na hakuna aliyeshangilia mpaka injini ilipozimwa.

Festo alishuka, akakaa chini. "Dereva yuko wapi nimpe mkono?" aliuliza. Mzee Sulle, rozari bado mkononi, akaonyesha juu. Festo alipomwona mwanamke akishuka na kitenge, alivua kofia. "Shikamoo," alimwambia, ingawa walikuwa wa rika moja.

Nambis walifika jua likizama. Xavery alilizunguka lori, akaweka kiganja kwenye boneti. "Lina joto," alisema. "Kama ng'ombe."

Masika yaliyofuata, mjamzito wa kwanza alivushwa. Muuguzi wa zahanati, aliyehamishiwa hapa kutoka Lindi, alikaa naye nyuma chini ya turubai. "Maji yalipiga bodi, mimi nasoma dua, mgonjwa anasoma Salamu Maria," anasema. "Mtoto alizaliwa salama mjini. Mpaka leo nikilisikia lori lile natoka nje kulitazama tu, hata kama sina safari."

Si kwamba maisha yamekuwa mteremko. Lori linakunywa dizeli kupita kiasi, na vipuri ni vya kuviwinda. Mkopo wa akina mama bado haujaisha, ingawa wao ndio wateja wa kwanza, na mgonjwa halipi nauli.

Sasa Yusta anasubiri mnada mwingine. Anataka lori lenye tangi, apeleke maji wakati wa kiangazi kwenye vijiji vya bondeni Hanang ambako visima hukauka.

"Nikiwa na la maji, hili la mizigo ataendesha nani?" anauliza, kisha anaelekeza kidevu chake upande wa shamba la ngano lililokwisha kuvunwa.

Huko, ndani ya lori la njano, amekaa Xavery, ambaye maisha yake yote hajawahi kuendesha hata pikipiki. Ameshika usukani kwa mikono miwili. Lori linaruka mara moja kama ndama, linazima.

"Klachi taratibu, baba Herman!" Yusta anapaza sauti. "Taratibu!"

Xavery anafuta jasho na kuwasha tena. Injini inashika. Lori linatetemeka, linafikiri kidogo, halafu linaanza kutembea juu ya mabua.