Aproni ya Kitenge cha Mama

Mama alipofariki kule Koboko, shangazi zangu walifungua sanduku lake la bati wakatugawia vitenge. Mimi nilipata cha njano chenye picha za ndege kanga weusi, kipya, hakijaguswa na maji. Alikuwa amekiwekea Krismasi. Nilikipeleka puani palepale mbele ya watu: moshi wa kuni na simsim ya kukaanga. Harufu yake mwenyewe. Dada yangu mkubwa alipata cha kijani, akakivaa siku ileile. Mimi nilirudi Arua na changu ndani ya mfuko wa plastiki, nimeufunga mafundo mawili.

Miezi ikapita. Siku moja nikajiambia huu ni upuuzi, heri nishone aproni, niwe napika naye. Kushona kwenyewe sikujua. Nikaenda kwa jirani yangu, mama Mkongo mwenye cherehani ya miguu barazani, nikamwomba anifundishe. Akakipapasa kitenge, akausikia ule ugumu wa kiwandani.

"Dada, loweka kwanza," akasema. "Hii iko mupya. Itarudi, itakuwa fupi."

Nikamwambia hakiloweki. Akanieleza tena polepole, kama anayemweleza mtoto, nami nikazidi ukaidi. Sababu sikuitaja, ningelia. Basi akanipa chaki. Nilikata kwa kufuata aproni yake kuukuu, nikakunja pindo, nikapiga mshono uliokwenda upogo mpaka kiunoni. Kamba moja ikatoka ndefu kuliko mwenzake. Lakini ilinikaa, na kila nilipoinama kusonga ugali, mama alikuwa pale kifuani.

Siku ya nne mchuzi ukanimwagikia. Mchuzi wa samaki, jamani! Nilivumilia siku mbili, watoto wakaanza kuziba pua, nikaifua. Ilipokauka ilikuwa imerudi kweli, kifua kimepanda kooni, kamba hazifiki nyuma. Hilo si kitu. Niliinusa kila pembe, nikakuta sabuni tu. Nililia kama siku ya mazishi. Nilijilaumu kwa nini sikukiacha kwenye mfuko wake.

Jirani hakunisuta. Aliunga kamba kwa vipande vya kaki, akanivisha mwenyewe. Nikaendelea kuivaa kwa sababu ilikuwepo, na kuifua kila Jumamosi.

Juzi dada alikuja kutoka Koboko na kibuyu cha simsim. Alinikuta jikoni nakaanga simsim yangu iliyobaki, moshi wa kuni umejaa. Akanikumbatia kwa salamu, kisha asiniachie.

"Hii iko na harufu ya mama," akasema. "Wewe hujaifua tangu siku ile?"

"Nimeifua," nikamwambia. "Nimeifua mara nyingi."

Hakuniamini. Akaurudisha uso wake kifuani pangu, nami nikamwacha anuse mpaka simsim ikaungua.