Fizi za Radojko Mpiga Tarumbeta

Kwa miaka mingi Radojko, mpiga tarumbeta wa kijiji chetu, alizitibu fizi zake kwa rakia, pombe kali ya plamu anayoipika mwenyewe nyuma ya zizi. Kila asubuhi alisukutua, kisha akameza, maana kutema dawa ni dhambi.

"Inaua kila kijidudu," alitufundisha.

Vijidudu sijui. Fizi ndizo zilizokuwa zikifa. Zilivimba, zikanuka, zikapanda juu polepole kama pazia, na meno mawili ya mbele, yale yanayoibeba tarumbeta, yakaanza kucheza ngoma yao wenyewe. Damu, alisema, ilikuwa ya mswaki. Mswaki wenyewe mkewe Jagoda alikuwa akiusugulia birika.

Kisha binti yao Nevena akachumbiwa. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kwao bila tarumbeta, na Radojko aliapa kuwa atakayempigia ni yeye, si binamu yake Milentije, ambaye, kwa maoni yake, hupiga kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. Basi siku moja, katikati ya mazoezi, jino likacheza na wimbo ukatoka kama kikohozi. Jagoda alichukua funguo. Aliwasha gari.

Mjini, Daktari Zorica alipenyeza kijiti chembamba kati ya fizi na jino. Kikazama.

"Baba, unasukutua na nini?"

"Dawa ya kienyeji."

"Naisikia harufu yake."

Akamvisha miwani ya giza, akamkwangua ukoga, kisha akapitisha mwanga wa leza ndani ya vifuko vya fizi. Radojko alitarajia radi. Alipata joto kidogo na mlio wa mbu, akahisi amepunjwa.

"Sasa nimepona?"

"Leza inasafisha, baba. Haioteshi mfupa uliokwisha kuliwa. Yanayobaki ni mswaki, na kurudi hapa kila nikikuita. Rakia basi. Na tarumbeta usiiguse mpaka niseme mimi."

"Harusi ni Jumapili."

"Ukipiga Jumapili, hayo meno mawili utayaacha hapo hapo mlangoni. Chagua."

Kijiji kikaja kumjulia hali, kila mtu na chupa yake. "Tone moja tu, la kusafishia kidonda," walimsihi, watu wenye upendo na meno machache. Radojko aliziba mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa.

Jumapili bwana harusi alilidungua kwa bunduki tufaha lililotundikwa juu ya mti, kama desturi yetu inavyomtaka, akaruhusiwa kuingia. Mlango ukafunguliwa. Milentije akapiga. Alipiga vizuri, kosa ambalo Radojko hajamsamehe hadi leo. Yeye alisimama kando, midomo imefungwa, vidole vikibonyeza hewa tupu, wimbo mzima, bila kukosea.

Nevena alipompita alimwinamia. "Baba, nimekusikia."

Wimbo ulipokwisha, Milentije alifuta mdomo wa tarumbeta kwa leso nyeupe. Leso ikabaki na doa la damu, kama waridi.

Radojko aliiona. Alikuwa na dhihaka nyingi alizozihifadhi kwa siku kama hiyo.

"Ni ya mswaki," alisema Milentije, akiificha.

"Mswaki gani, binamu? Nakujua tangu utoto." Akamshika mkono. "Jumanne nakupeleka mjini."

"Tukifungwa midomo sote wawili, nani atakipigia kijiji?"

"Hakuna. Nacho kipone kidogo."