Chuo Nilichokisifu Bila Kukijua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule alinikabidhi ufunguo wa maabara, ndoo ya vyura hai, na onyo.

"Walimu wa baiolojia watakuja na kuhama," alisema. "Wewe ndiye utakayebaki na harufu."

Hakukosea. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, yaani mtu anayeandaa kila kitu kabla mwalimu hajaingia, na kuosha kila kitu akishatoka. Shule ilikuwa kijijini Nduruma, na vyura niliwakamata mwenyewe kwenye mifereji ya umwagiliaji, suruali imekunjwa hadi magotini, watoto wakinicheka. Nilichanganya iodini ya kupimia wanga, nikanoa visu vya kupasulia. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Baadaye nikahamishiwa mjini, shule ya kidato cha tano na sita. Huko bosi wangu alikuwa Mwalimu wa Taaluma, mama mkali mwenye roho nzuri. Vijana walimwogopa, kwa hiyo maswali ya vyuo vikuu waliniletea mimi, ambaye waliniita Mwalimu kwa heshima tu. "Mwalimu, nikasome baiolojia wapi?" Nami bila kusita nilitaja chuo kilekile kila mwaka, chenye jina kubwa nchini. Mimi mwenyewe nina cheti tu. Niliamini jina kubwa ni koti zuri: ukilivaa, hakuna atakayeuliza shati la ndani likoje.

Kisha akaja Nasieku, binti wa wakulima wafugaji wa magharibi mwa Mlima Meru. Alikuwa mkimya, lakini ukimpa wembe na shina la maharage, alikukatia kipande chembamba cha kuweka chini ya darubini, chembamba kama ganda la kitunguu. Sijaona tena mikono kama ile. Matokeo yalipotoka, alichaguliwa vyuo viwili: kile nilichokisifu, na kingine kidogo ambacho wanafunzi wake wa baiolojia hupelekwa porini na mashambani tangu mwaka wa kwanza. Aliyepata zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Kwake siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Ijumaa alinikuta maabara.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi nakitaka hiki kidogo. Ila baba ameshatangaza kanisani kwamba naenda kile kikubwa. Mchungaji amekiombea kwa jina."

"Marahaba. Basi nenda hukohuko. Utakuja kunishukuru."

"Wewe umewahi kufika pale, Mwalimu?"

"Nakijua."

"Umewahi kufika?"

Sikuwahi. Miaka yote nilikuwa nikiwaelekeza watoto wa watu mahali ambapo sijakanyaga. Niliona haya.

Alipotoka nikampigia simu kijana wangu mmoja wa zamani aliyesoma pale. "Chuo ni kizuri, Mwalimu, sikudanganyi," akasema. "Wahadhiri wamebobea, vitabu vipo. Ila darasa letu lilikuwa kubwa. Chura nilimwona akipasuliwa mara moja, na kisu alishika mwenzangu." Nikamfikiria Nasieku amesimama nyuma ya mabega ya watu, mikono mfukoni.

Kesho yake nikapanda kwao. Baba yake alinisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyemwambia binti yangu chuo ni kile. Nami nikasimama mbele ya usharika mzima. Leo nisimame tena, niseme nini?"

"Usisimame wewe, Baba Nasieku. Nitasimama mimi."

Mimi ni Mkatoliki, lakini Jumapili ile nilikaa benchi la mbele kwa Walutheri, na wakati wa matangazo Mchungaji akanipa nafasi. Nilisema kwamba nilisifu chuo nisichokijua, mzazi akaniamini, na binti amechagua vizuri kuliko mwalimu wake. Kuna waliocheka. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Angalau amekiri." Nasieku alithibitisha kile kidogo kwa simu, palepale nje ya kanisa. Baba yake aliondoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Nimestaafu sasa, nakaa Engutoto, nafuga kuku. Vijana bado wananiuliza chuo bora cha baiolojia ni kipi. Siku hizi nawauliza wao kwanza: mwaka wa kwanza utashika nini kwa mikono yako, na ni nani aliyesoma pale umezungumza naye? Wengine wananuna, wanataka jina tu. Nawaacha wanune.

Likizo iliyopita Nasieku, ambaye yuko mwaka wa tatu, alinialika kwao. Nilikwenda na wasiwasi kwa sababu ya baba yake. Nikamkuta mzee katikati ya malisho, binti yake nyuma yake na daftari. Chuo kilikuwa kimempa kazi ya kukusanya nyasi na majani ambayo mifugo huyala au kuyakwepa. Mzee alikuwa anang'oa moja baada ya jingine, anataja jina lake kwa Kimaa, lugha ya kwao, linaota lini, na ng'ombe akilila anakuwaje. Binti alipoandika vibaya, mzee alilirudia jina polepole kwa subira ambayo sikujua kama anayo.

Aliponiona, akaja kunisalimu kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, hiki chuo ni kikubwa," akasema. "Kimemtuma mtoto aje aniulize mimi."